Kamba Chini ya Sakafu ya Bwana Mkubwa

Juzi nilirudisha msumeno na randa ya serikali, nikatoka karakanani na vidole saba. Vile vitatu, vijana wangu wa karakana, mnajua vilikokwenda, maana mlikuwapo. Kwa hiyo nimeacha kazi kabla ya kuota mvi, na mmeniomba niwaandikie niliyoyaona, nadhani kwa sababu mlichoka kunisikia nikiyasema huku mnafanya kazi.

Sitaandika jinsi nilivyofanywa mnyapara. Aliyekuwa mnyapara alishikwa na homa akafa, na hakuwapo mwingine aliyejua kusoma namba za kipimo. Hilo halimfundishi mtu kitu. Nitaandika kazi, na zaidi kazi moja, lile baraza la mbao mbele ya nyumba ya Bwana Mkubwa. Mnalipita kila asubuhi mkilisifu, mnaniambia, "Fundi, wewe ulizaliwa na jicho la kamba ya kupimia." Nawashukuru. Lakini mimi sijapita pale hata siku moja bila kutega sikio kama boriti inalia.

Useremala sikufundishwa. Baba yangu alikuwa mjenzi wa vihenge upande wa Mpitimbi, na alichonifundisha ni kufunga. Unabandua gome la myombo, unalilowesha, unalichana nyuzi, unafunga likiwa bichi. Likikauka linabana mpaka mti unalia. Kihenge cha baba kilibeba mavuno ya nyumba nzima bila kipande kimoja cha chuma. Nilidhani nimejua yote yanayojulikana juu ya kuunga mti na mti.

Kisha mafundi wa pwani wakaja kujenga boma hapa Songea, nami nikaanza kusimama kwenye ua kila siku, natazama mikono yao. Jioni nilirudi nyumbani nikajaribu niliyoyaona kwa vifaa vya kubahatisha. Randa yangu ya kwanza ilikuwa kipande cha jembe lililovunjika nilichokitia kwenye gogo. Ilikwaruza kuliko kulainisha, lakini niliipenda, na nilikuwa nikiinoa hata siku ambazo sina mbao.

Siku moja mkubwa wao, Fundi Mbaraka, mtu mfupi mwenye kofia isiyochafuka, alinijia pale uani.

"Wewe kijana, unatafuta nini hapa kila siku? Unapima tuibiwe lini?"

"Natazama tu. Shikamoo."

"Marahaba. Kwetu shikamoo hutangulia, majibu hufuata."

"Shikamoo, Fundi. Natazama tu."

Alicheka, akanipa ubao na randa ya kweli, akasema niunyooshe. Ule ndio ukawa mwanzo wangu wa kazi. Nikanyoosha upande mmoja, nikauona una wimbi, nikarudia. Nikageuza, nikaona sasa upande wa pili haulingani na wa kwanza. Alipotoka kuswali adhuhuri nilikuwa bado naendelea. Alichukua kile kilichobaki, akakiinua juani.

"Mwanangu," alisema, "nimekupa ubao, unanirudishia karatasi."

Ule ndio ugonjwa wangu, na sikupona. Siwezi kuacha kitu kikiwa kimefaa. Mnajua jinsi nilivyowasumbua kwa hilo, na naomba radhi, ingawa droo ile ya juzi bado naiona imepinda.

Vita na serikali vilipokuja nilikunywa maji ya dawa kama wengine, risasi zisitupate. Nakiri pia kwamba nilimwuliza aliyenipa kama kipimo changu kililingana na cha mwenzangu, maana kibuyu kilikuwa kimeinamishwa. Alinitazama kwa hasira akaniongeza kidogo, nami nikakaa siku mbili nikiwaza kama ile nyongeza imeharibu dawa. Sikumpiga mtu. Nilikimbia sana. Tulijificha katika milima ya Matogoro, na kutoka juu kule tuliona moshi wa mashamba na wa vihenge. Baba alikaa akihesabu vipi ni vyake. Aliniambia kihenge kikiungua, kamba ndiyo ya mwisho kukatika, na nadhani hilo lilimfariji kidogo. Alifia kulekule mlimani, kwa njaa. Mimi na mama tuliteremka tulipokuwa hatuna tena hata mizizi ya kuchimba.

Walioteremka walipangwa mbele ya boma, shaushi, msimamizi wa askari, akipita anachagua wa kutiwa mnyororo. Fundi Mbaraka aliniona. Alikuja akasimama kati yangu na shaushi.

"Huyu ni fundi wangu."

"Alikuwa wapi siku za vita?"

"Alikuwa anaogopa. Mtazame."

Shaushi alinitazama, na inaonekana uso wangu ulitoa ushahidi wa kutosha. "Akifanya ubaya wowote," alisema, "nitakuja kwako, mzee." Fundi Mbaraka akajibu, "Njoo." Neno hilo moja lilikuwa zito kuliko magogo yote niliyowahi kubeba.

Miezi michache baadaye Bwana Mkubwa, Mzungu aliyetawala boma, alituita nyumbani kwake. Alikuwa anasema Kiswahili chake cha amri. Alitaka baraza la mbao mbele ya nyumba, liinuke juu ya mteremko, aweze kuketi jioni akitazama bonde.

"Paa liweje, Bwana?" niliuliza.

"Hapana paa. Mimi nataka jua."

"Na mvua?"

"Mvua ikija, mimi naingia ndani. Wewe unafikiri mimi mtoto?"

Nyumba ilikaa kwenye mteremko, kwa hiyo upande wa mlangoni baraza lingekuwa karibu na ardhi, na upande wa mbele lingefika kimo cha mtu mzima. Mtu akianguka pale angevunjika. Hili sikuliacha likae kichwani kwa amani. Niliota ndoto za watu wanaoanguka kabla sijakata mti wa kwanza.

Nitawaeleza nilivyolijenga, kwa sababu sehemu nyingi nilizifanya vizuri, na mnaweza kuzifuata. Mininga ilikatwa wakati wa kiangazi, ikapasuliwa, mbao zikapangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Sikuambiwa na mtu mbao zikauke muda gani. Niliweka ubao mmoja kwenye kitanda changu, nikawa naupima kila asubuhi kwa uzi wenye fundo, mpaka ukaacha kusinyaa. Mama alisema mwanamume wa umri wangu angeweza kulala na kitu bora zaidi. Niliacha mbao nyingine juani makusudi, nikaona zinakunjama kuelekea upande uliokuwa gome. Tangu hapo naweka upande wa gome utazame juu wakati wa kupigilia kwenye sakafu za nje. Wengine hupinga. Wapinge, lakini kwanza wapoteze mbao sita kama mimi.

Miguu ya nguzo tuliichoma mpaka ikawa makaa kwa nje, kisha tukaisimamisha juu ya mawe mapana, siyo ndani ya udongo, kwa ajili ya mchwa. Juu ya nguzo tukalaza boriti kubwa, juu ya hizo boriti ndogo zikakatiza, na juu kabisa mbao za sakafu. Usawa niliupima kwa bakuli la maji, kisha nikashusha upande wa mbele kwa unene wa kidole, maji yasisimame. Kizuizi cha pembeni Bwana Mkubwa alikitaka chini, cha magotini, asizibiwe bonde. Nilimwomba kifike kiunoni. Alikataa. Nilimwomba tena, nikasema mtu akirudi nyuma akikatwa magotini ataanguka chali. Alijaribu kurudi nyuma mwenyewe, akakubali kiunoni.

Sasa misumari. Ilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, na shaushi aliitunza katika sanduku lenye kufuli, kwa sababu wakati wa vita watu waliishindilia misumari katika magobore yao wakaifyatua. Kwa hiyo msumari kwake ulikuwa risasi. Asubuhi alinihesabia, jioni alikuja na macho yake makubwa kama taa akahesabu vichwa kwenye mbao, na msumari uliopinda nilipaswa kuurudisha mkononi mwake, akautupa katika debe tofauti.

"Leo iliyopinda ni kumi na moja," aliniambia siku moja. "Wewe unajenga au unafua chuma?"

Ukweli ni huu. Nilivuta uzi uliopakwa mkaa juu ya mbao, ili vichwa vya misumari vikae mstari mmoja toka mlangoni mpaka mbele, kama shanga. Msumari uliokwenda pembeni kidogo niliung'oa. Ukiung'oa unapinda. Nikipiga wa pili mahali palepale, tundu lililegea, nikaung'oa nao. Bwana Mkubwa alipita kila jioni akatazama mstari wangu akasema, "Safi, safi sana," nami nikazidi kuwa mwendawazimu.

Fundi Mbaraka hakuwapo. Alikuwa amepelekwa kutengeneza daraja upande wa Namtumbo, akaniachia kazi yote. Zile boriti ndogo nilikuwa nimezifunga juu ya zile kubwa kwa kamba ya myombo, kama baba, zisisogee wakati napiga mbao za juu. Niliazimia kwamba mwisho wa kazi nitaingia chini nizipigilie misumari miwili kila makutano. Makutano yalikuwa arobaini na mawili. Siku nilipomaliza mbao za juu, niliomba misumari ya chini, na shaushi akafungua sanduku akanionyesha lilivyo tupu.

"Imekwisha. Wapagazi hawajafika."

"Lini watafika?"

"Wakifika."

Bwana Mkubwa alitaka baraza siku tatu baadaye, alikuwa na mgeni. Ningeweza kusema kwamba kazi haijaisha. Lakini kusema hivyo ni kusema misumari imekwenda wapi, na misumari ilikwenda katika urembo wangu. Nikaingia chini, nikazivuta kamba zote moja moja. Zilikuwa zimekauka, zimebana kama chuma. Nikajiambia kihenge cha baba kilibeba mavuno miaka kumi kwa kamba hizihizi. Sikujiambia kwamba kihenge cha baba kilikuwa na paa la nyasi. Nikafunga upande wa mbele kwa mbao nzuri zilizosimama wima, mtu asione chini. Ungelitazama kwa nje ungesema nimefanya kwa ajili ya uzuri.

Fundi Mbaraka aliporudi alitembea juu ya baraza, akapiga kisigino hapa na pale, akaegemea kizuizi kwa mgongo, akafuata mstari wa misumari kwa macho.

"Mashallah," alisema. "Chini umekaza?"

"Nimekaza."

Nilimdanganya mtu aliyeniwekea shingo yake. Nawaandikieni hili mlijue, kwa sababu mtaambiwa mimi nilikuwa mwaminifu.

Kiangazi chote kilichobaki baraza halikulia hata mara moja. Nilikuwa napita kila siku nikitafuta sababu ya kupita. Kisha mvua za kwanza zikashuka, siku tatu mfululizo. Siku ya nne niliomba ruhusa ya kufagia majani chini ya sakafu, nikatambaa ndani kwa upenyo wa pembeni. Nilishika kamba ya kwanza ikazunguka mkononi mwangu kama bangili. Nyuzi zilikuwa zimevimba, zimelegea, zinateleza. Nilisukuma boriti ndogo kwa bega, ikayumba juu ya ile kubwa, ubavu hadi ubavu. Mtu mmoja akiketi juu asingeigundua. Watu wengi wakitembea pamoja, boriti zingelala ubavu moja baada ya nyingine, na sakafu nzima ingeteleza kuelekea mbele, kwenye kile kimo cha mtu mzima.

Nilijaribu kuzifunga upya, nikakaa humo mpaka mchana. Lakini kamba haibani mpaka ikauke, na mvua haikuwa na nia ya kuondoka. Nilipotoka, nimejaa tope, nilimkuta mpiga mbiu wa boma anatangaza barabarani. Serikali itagawa mbegu. Keshokutwa, kila mama mwenye shamba aje nyumbani kwa Bwana Mkubwa. Kwa kuwa uwanja wote ulikuwa tope, watapanda juu ya baraza kwa ngazi ya kulia, wataandikwa, watapewa mtama na ulezi, watashuka kushoto.

Nilisimama pale nikajua mama yangu atakuwa katika mstari huo. Wangekuwa humo wajane wote wa upande wetu, walioteremka milimani na watoto migongoni, wakiwa hawana nguvu hata ya kushika kizuizi.

Nilikwenda kwa shaushi. Wapagazi walikuwa wamefika wiki ile.

"Nipe misumari themanini na minne."

"Ya nini?"

"Kukaza tu."

"Kazi imekwisha, Bwana ameipokea. Mtu wa Ungoni anataka misumari themanini na minne ya kukaza tu." Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Nenda zako kabla sijaandika jina lako."

Nikaenda zangu. Naona haya kuandika niliyoyawaza jioni hiyo na kesho yake asubuhi. Niliwaza huenda mvua itakatika. Niliwaza huenda akina mama wataogopa wasije. Niliwaza kwamba nikisema, hakuna atakayeamini ni ujinga wa fundi. Mtu aliyekunywa maji, aliyetoka milimani, anaacha sakafu ya Bwana Mkubwa bila msumari chini na kuificha kwa mbao nzuri. Watu walikuwa wamenyongwa kwa madogo kuliko hilo. Na shaushi alikuwa ameshasema atakwenda kwa nani.

Adhuhuri nilimsubiri Fundi Mbaraka amalize sala yake, nikamwambia yote, haraka haraka, nikitazama mswala wake.

Hakunipiga. Aliuviringisha mswala.

"Makutano mangapi?"

"Arobaini na mawili."

"Yenye misumari ni mangapi?"

"Hakuna."

"Hata moja ulilolipigilia kwa kusahau?"

"Hapana, Fundi."

"Ungekuwa mvivu ningekuelewa," alisema. "Lakini wewe mtu wa kulala na ubao kitandani!" Akavaa viatu. "Twende kwa Bwana."

"Atatuua."

"Labda. Unataka tungoje kwanza akina mama wafe?"

Bwana Mkubwa alikuwa mezani. Fundi Mbaraka alianza kusema nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilisema baraza ni bovu, kosa ni langu, mzee hakuwapo. Bwana Mkubwa aliweka kijiko chini.

"Wewe ulitaka kuniua?"

"Hapana, Bwana. Nilitaka misumari ikae mstari."

Bwana Mkubwa alisukuma kiti nyuma. Kisha alitoka kama alivyo, katika nguo zake nyeupe, akang'oa ubao mmoja wa mbele, akatambaa chini ya sakafu kwenye tope. Tulisikia anazishika kamba moja moja. Shaushi alikuwa amesimama nyuma yangu karibu sana, nikisikia pumzi yake. Bwana Mkubwa alipotoka alikuwa mwekundu shingoni na mweusi magotini.

"Kenge wewe," alisema. "Kamba!" Kisha akasema na shaushi. Mimi nipigwe viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, nipewe misumari, kazi iishe kabla ya kesho asubuhi. "Na kesho," alininyooshea kidole, "watu wote juu, wewe chini. Unalala chini ya sakafu mpaka mtu wa mwisho. Shauri limekwisha."

Viboko sitavieleza. Mnaovijua mnavijua.

Misumari mipya ilikuwa michache kuliko nilivyohitaji, kwa hiyo shaushi alinikabidhi lile debe la iliyopinda, yote niliyoiharibu mwenyewe. Fundi Mbaraka aliketi juu ya jiwe akawa anainyoosha kwa nyundo, mimi nikiwa chini, nimelalia ubavu kwa sababu mgongo haukutaka kuguswa. Kila mara alipitisha mkono kunipa mmoja.

"Huu nao umeupinda wewe," alisema. "Na huu. Huu sijui uliupiga kwa kichwa?"

Hakuna kazi niliyofanya vizuri kama ile, na hakuna iliyokuwa mbaya kutazama. Misumari ilikwenda huku na huku. Ilishika. Lakini mingine ilivunjika ikinyooshwa, na mwishowe tulipungukiwa minne. Ilinipasa kuchagua makutano manne ya kupata msumari mmoja mmoja badala ya miwili. Nilichagua yale ya karibu na mlango, chini ya mahali kiti cha Bwana Mkubwa kinapowekwa. Nilimwambia Fundi Mbaraka ni kwa sababu akina mama hawatapita pale. Ilikuwa kweli. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya."

Asubuhi niliingia chini. Mbao nilikuwa nimezipanga zikiachana upana wa unyasi ili maji yapite, kwa hiyo niliona mistari ya mwanga juu yangu, na kila mtu alipopita mstari ulizimika ukawaka tena. Walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Walipanda polepole. Miguu mitupu, yote imenyauka, mingine inaburuta. Nilishika boriti moja baada ya nyingine kwa vidole, nikisikiliza, jinsi mganga anavyomshika mgonjwa. Kila kishindo kilinipita mwilini. Mtoto aliyeruka kutoka ngazini alinifanya niume ulimi.

"Kuna mtu chini huku!" mama mmoja alipiga kelele, ameniona kupitia ufa.

"Ni fundi," askari alimjibu. "Ameadhibiwa."

"Amefanya nini?"

"Alijenga vibaya."

"Sasa sisi tuko juu ya nini?"

Kukawa na minong'ono, na mstari ukasimama. Nilisikia wanarudi nyuma kuelekea kizuizi, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa wote walirundikana upande wa mbele. Nikapaza sauti kutoka chini, "Mama zangu, tembeeni! Nimekaza! Msirundikane, tembeeni!" Hapo mama mmoja akajibu, na sauti niliijua, ilikuwa ya mama yangu mwenyewe, "Kama amesema amekaza amekaza. Huyo hata uji haumalizi mpaka aulinganishe na kingo za bakuli." Walicheka, wakasogea.

Wakati wa kupimiwa, mbegu zilimwagika kidogo. Zilipita kwenye nyufa zangu, ulezi hasa, ukanidondokea usoni na kifuani. Njaa ile ilikuwa kubwa. Nilizikusanya punje kwa punje juu ya jani, nikazipitisha pembeni karibu na ngazi ya kushoto, na mkono wa mtu yeyote aliyekuwa anashuka ukazichukua. Hakuna aliyesema ahsante. Hawakujua zinatoka kwa nani. Shaushi alipogundua alisema mbegu iliyomwagika ni ya serikali, lakini hakuinama kuifuata.

Baada ya adhuhuri miguu ilipungua, kisha ikaisha. Boriti zote zilikuwa mahali pake. Nililala pale nikajua hakuna mtu aliyekufa kwa ajili yangu. Hakuna aliyekuja kunitoa, nami sikuthubutu kutoka bila kuambiwa.

Juu kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Bwana Mkubwa aliinuka kutoka kitini akaanza kutembea. Buti lilikwenda mpaka mbele likarudi, likaenda likarudi, zito, anajaribu sakafu yake. Kisha alisimama karibu na mlango, palepale penye msumari mmoja mmoja, akapiga chini kwa kisigino. Boriti ililia. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na niliona msumari ule mmoja unatoka kidogo, unang'aa.

Yeye ndiye aliyeamuru vihenge vichomwe, vya baba vikiwamo. Nilikuwa nimepaacha pale dhaifu kwa mkono wangu, nikijua. Na mkono huohuo ulipanda peke yake ukaishika boriti, kisha na wa pili, nikaweka bega, mgongo wote ukinipasuka, nikaikaza juu ya ile kubwa isipinduke. Alipiga mara ya tatu. Ilishika. Akasema "Safi" akaingia ndani.

Nilipogeuza kichwa nilimwona mama yangu ameinama pale pasipo na ubao wa mbele, kifuko cha mbegu kichwani, amekuja kunichukua. Alikuwa ameyaona yote. Aliitazama mikono yangu, akatazama juu lilipokuwa lile buti, akanitazama mimi. Kisha akainuka, akateremka njia ya nyumbani peke yake. Hakuniuliza siku ile, wala hakuniuliza mpaka alipokufa, na kila mara nilipotaka kumwambia sikupata pa kuanzia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa shaushi nikaomba misumari minne. Alinihesabia. Niliipigilia kabla sijala.